Mizunguko Mitatu kwenye Mninga

Juzi nimeletewa urithi wangu, nao ulitosha ndani ya mfuko wa plastiki. Ni kipande cha kamba ya katani, kirefu cha pima mbili hivi, kinene kuliko kidole gumba cha mwanamume, kimeviringwa ndani ya kitambaa cha kaki kilichotobokatoboka. Binamu yangu aliyekileta alikuwa na haya kidogo. Kwetu, kama mjuavyo, mpwa ndiye mrithi, na baada ya arobaini ya Mjomba Lipande wapwa wenzangu waligawiwa vitu vinavyoeleweka: huyu koti, yule baiskeli, mwingine shoka. Mimi kamba. Akaniambia ilikuwa chini kabisa ya sanduku, na kwamba mzee alishasema zamani hiyo ni ya mpwa wake wa kike, wakadhani ni uzee tu. Nikamwambia haukuwa uzee. Alipoondoka niliinusa. Ilinuka sanduku, ikanuka katani, na kwa mbali sana ikanuka ufuta.

Nilipelekwa kwa Bibi mwaka ambao mama alijifungua pacha. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni upande wa Chiwata, kule chini, mahali ambapo maji yalikuwa jambo la kawaida: unakwenda, unachota, unarudi, hata wimbo uliouanza haujaisha. Bibi, mzaa mama, aliishi juu ya uwanda, Newala, upande wa Makote. Hakuna aliyenionya. Asubuhi ya kwanza nilinawa miguu kwa kata nzima ya maji, na watu wote uani wakaacha walichokuwa wakifanya, wakaitazama ile ardhi ikiyanywa. Bibi hakunigombeza. Aliniita mke mwenzake, kama alivyoniita tangu nilipozaliwa, akasema kumbe huyu mke mwenza ameolewa na bahari. Kuanzia hapo nilijifunza kunawa uso kwa funda moja. Unalitia mdomoni, unalitema viganjani kidogo kidogo, na ukiwa hodari linafika hadi nyuma ya masikio.

Maji yenyewe yalikuwa bondeni, kwenye chemchemi chini ya genge. Wenzangu mliokulia uwandani mnaijua ile njia, sina haja ya kuwasimulia. Wengine waambiwe tu kwamba wanawake waliondoka jogoo wa kwanza na kurudi jua limeshakuwa kali, na mtungi uliorudi mzima ulishangiliwa. Bibi alikuwa na goti moja bovu. Kuteremka kulimtesa kuliko kupanda. Akifika nyumbani alitua mtungi, akakaa mkekani, akachukua kibuyu chake cha mafuta ya ufuta, akajipaka shingo, akajipaka goti, taratibu, huku akilisemesha lile goti kama mtoto mkaidi. Mafuta yale aliyapika mwenyewe, na ndani yake alitia mzizi fulani wenye harufu tamu kali ambao hakuna mwingine pale kijijini aliyeutia. Ukipishana na mtu njiani akiwa ananukia hivyo, ulijua ametoka kwa Mama Lipande, kama walivyomwita Bibi. Nikijikwaa, alinipaka na mimi. Alikuwa na neno lake: kilichochubuka kipake mafuta, kisha kiambie pole.

Msimu ule wa kiangazi goti lilivimba. Nilimsikia akimwambia Mjomba, bila kulia wala kulalamika, kwamba kama maji hayatapanda kumfuata, basi yeye atayafuata. Atahamia bondeni kwa ndugu yake, kwenye mbu, na nyumba hii aiache, na kaburi la Babu lililo nyuma ya mihogo aliache pia. Mimi nililala mkekani nikiwaza nyumba bila Bibi, na nikaona ni jambo lisilowezekana, kama jiko bila mafiga.

Ndiyo maana habari za injini zilipokuja niliziamini mapema kuliko watu wazima. Ilisemwa kwamba Serikali inaleta injini ya kusukuma maji, itawekwa chini kwenye chemchemi, na maji yatapanda genge yenyewe ndani ya mabomba. Wazee walicheka. Maji, walisema, yana akili, hayapandi mlima. Lakini lori lilikuja kweli. Likasimama ukingoni, mahali ambapo barabara ilikwisha, na nyuma yake limebeba mabomba yasiyo na idadi na kitu kimoja kikubwa kilichofunikwa turubai. Msimamizi alikuwa Mzungu mrefu, mtaratibu, ambaye watu walimwita Bwana Mabomba, kwa sababu alitembea na kipande cha bomba mkononi akipimia kila kitu, hata kivuli chake.

Shida ilikuwa kuteremsha. Lori lisingeweza kushuka pale. Hata mbuzi walifikiri mara mbili. Wakatengeneza kitanda cha magogo cha kuburuta, wakakifunga kamba, wakafyeka njia iliyonyooka hadi chini. Siku ya kwanza Bwana Mabomba alipanga wanaume ishirini waishike kamba kwa mikono na kuiachia polepole. Kitanda kilipovuka ukingo, kilifanya haraka zake. Wanaume ishirini walikwenda kwa matumbo kama samaki kwenye wavu, wakaiachia kamba, na mabomba yakashuka yenyewe yakipiga kelele hadi bondeni. Hakuna aliyeumia sana, na watu walicheka siku nzima. Bibi peke yake hakucheka. Alimuuliza Mjomba kama injini nayo itateremka hivyo.

Mjomba Lipande, kaka yake mama, alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na shati la kaki na maneno machache. Kule, nilikuja kujua baadaye, walikuwa wakiteremsha mizinga milimani kwa kamba na miti. Kesho yake alimwendea Bwana Mabomba, akavua kofia, akasema ishirini ni wengi mno. Anahitaji mtu mmoja na mti mmoja. Mti wenyewe akauonyesha: mninga uliosimama peke yake ukingoni, shina lake nene, gome limepasukapasuka vipande vipande. Bibi alitangulia. Bibi alibatizwa akiwa mtu mzima, na Jumapili hakukosa kanisani, lakini siku nyingine sita alizigawa kwa busara zake. Akaweka unga wa mtama pale mizizini, akawaarifu waliotangulia kwamba watoto wao wana kazi nzito. Kisha Mjomba akaizungusha kamba kwenye shina mara tatu. Ncha moja akawapa wanaume kumi. Akatazama huku na huku akitafuta wa kushika ncha ya pili, na macho yake yakaniangukia mimi, niliyekuwa nimekaa juu ya debe nikila muhogo mbichi.

"Mpwa," akasema, "njoo ushike huku. Wakivuta, usiwape."

Nikashika. Wanaume kumi wakavuta. Niliona visigino vyao vikizama udongoni na mishipa ikiwatoka shingoni. Kamba ikalia kwa sauti kavu, ile mizunguko mitatu ikajikaza kwenye gome, na mkononi mwangu kukafika kitu kidogo tu, kama mtoto mchanga aliyeshika nguo yako. Wakavuta tena. Nikasimama pale na muhogo wangu mkono mmoja na wanaume kumi mkono wa pili. Bwana Mabomba akaja, akaichukua ile ncha akaishika kwa vidole viwili, akauzunguka mti akiutazama juu hadi chini, kisha akacheka peke yake kwa muda mrefu. Kazi ikawa ya Mjomba. Na ikasemwa, mbele ya watu, kwamba injini ikifika salama, yeye ndiye atakayekaa nayo kuiangalia.

Mimi nilikuwa na jambo la kufikiri kuliko wote. Nani aliwashinda wale wanaume? Mimi sikuwa na nguvu hizo. Debe tupu tu lilinitosha kubeba. Basi ni mti. Na mti ulikubali kwa sababu tuliusalimu vizuri, tukaulisha unga. Hesabu ya tatu nayo niliielewa upesi, mimi mtoto wa nyumba ya misheni: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nilimuuliza Bibi, akasema huenda. Nilimuuliza Mjomba kwa nini tatu, akasema mbili zinachosha mikono, nne zinagoma kwenda. Jibu hili halikunifaa kwa lolote, nikaliacha.

Nikafanya majaribio. Bibi alikuwa na beberu mwenye tabia mbaya, nami nilimshika kwa kamba iliyozungushwa kwenye nguzo ya zizi, bila fundo. Mzunguko mmoja, akanipeleka hadi kwenye mihogo. Mizunguko miwili, tukawa sawa, kila mmoja akimtazama mwenzake. Mitatu, akavuta akashindwa, akalia, nami nimemshika kwa vidole viwili kama Mzungu. Lakini sasa nikapata wasiwasi, maana ile nguzo sikuwa nimeilisha unga. Kwa nini inisaidie? Niliulizia nguzo ni ya mti gani, nikaambiwa ni mninga. Nikapumua. Kumbe ni ndugu.

Kwa siku kadhaa mabomba yaliteremka mzigo kwa mzigo, na Mjomba akiwa amesimama pale akiiachia kamba kwenye mti kidogo kidogo, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Nilishinda karibu naye. Nilipenda ile harufu ya gome lililopata moto, na ule moshi mwembamba uliotoka kamba ilipokwenda haraka. Bibi alikuwa akipita na mtungi wake, akichechemea, akiuliza yamebaki mangapi. Mwishowe ikabaki injini tu. Siku hiyo mchana watu walitawanyika, Waislamu kwenda kusali adhuhuri, wengine kwenda kula, kamba ikaachwa imelegea kwenye mti. Nikausogelea mninga peke yangu kwa mara ya kwanza.

Ulikuwa unatoka damu.

Mnaoijua mininga porini mtacheka. Mimi mninga niliujua kama meza ya Baba na kabati la vitabu. Sikuwahi kuuona ukiwa hai umejeruhiwa. Kamba ilikuwa imelila gome likaisha, na pale palipochubuka palitiririka damu nyekundu, nzito, imefika hadi kwenye unga wa Bibi. Nilisikia aibu kubwa. Siku zote hizo sisi tunakula, tunapumzika, tunajipaka, na huyu amesimama anashika mzigo wa watu wote, hakuna hata mmoja aliyempa pole. Na jioni hiyo alikuwa na mzigo mkubwa kuliko yote. Nilikimbia nyumbani. Bibi alikuwa bado bondeni. Nikachukua kibuyu.

Niliupaka vizuri. Nilianza kwenye kidonda, nikafuata mzunguko wote, nikapenyeza vidole kwenye nyufa za gome, na kwa kuwa kamba nayo ilionekana imekauka mno, nikaipaka pia, kila mahali ilipogusa. Nikausemesha kama Bibi alivyolisemesha goti. Nikaumalizia kibuyu chote. Kisha nikauambia pole, nikaenda kukaa juu ya debe langu, nimeridhika, nikisubiri kuona mti uliotunzwa utafanya kazi namna gani.

Watu wakarudi. Wanaume wenye miti mirefu wakashuka kwenye mteremko, huku na huku, tayari kukiongoza kitanda. Wengine wakabaki kwenye lori wakiisukuma injini. Bwana Mabomba akateremka kupanga mawe chini. Pale kwenye mninga tukabaki Mjomba na mimi. Alishika mkia wa kamba kama siku zote, akapiga mluzi, wakasukuma.

Kitanda kilipovuka ukingo, nilijua kabla yake. Siku zote kamba ililia mkwaruzo mkavu. Siku ile ilinong'ona. Na harufu haikuwa ya gome. Ilikuwa ya jikoni kwa Bibi, siku anapopika mafuta. Mjomba alivutwa hatua moja kuelekea mti, kisha nyingine. Akaegemea nyuma hadi karibu alale, visigino vikachimba mifereji miwili, na kamba ikaendelea kupita mikononi mwake, haraka, kisha haraka zaidi, na moshi ulitoka viganjani, si kwenye mti. Aliwapigia kelele waliokuwa chini watoke. Nikawaona wakitupa miti na kuruka pembeni. Kisha akasema nami, kwa sauti ya chini ambayo sijapata kuisahau.

"Mpwa. Chukua mkia. Uzunguke mti, kama kamba inavyozunguka."

Nilichukua ncha iliyokuwa imelala nyuma yake, nikakimbia. Upande wa bondeni kamba ilikuwa imekazwa kama ukuta, usawa wa kidevu changu. Mtu mzima angetambaa, mimi niliinama tu nikapita. Nikazunguka mara ya kwanza. Nikainama tena, nikazunguka mara ya pili. Nikaivuta ile kamba iliyolegea hadi ikagusa gome, nikaegemeza miguu yangu miwili kwenye mzizi, kwenye unga.

"Umeshika?"

"Nimeshika, Mjomba."

"Usiwape," akasema, na akaachia.

Kamba iliruka. Ikajikaza, ikanong'ona kidogo, ikateleza kiasi cha shubiri, ikanyamaza. Mkononi mwangu palifika uzito wa beberu kwenye mzunguko wa pili: tulikuwa sawa, mimi na injini, kila mmoja akimtazama mwenzake. Sijui nilisimama hivyo muda gani. Mjomba alivua shati, akaviringa nalo mikono, akaja akashika nyuma yangu. Injini ilikuwa imesimama mbele ya mwamba, imebakiza nafasi ambayo mtu angepitisha mkono. Tukaiteremsha polepole, kwa mizunguko mitano, hadi ikakaa chini mahali pake.

Nilibebwa mabegani. Wanawake walipiga vigelegele, Bibi alicheza akilisahau goti, na Bwana Mabomba alinipa kopo la biskuti akanipa na mkono kama mtu mzima. Kila aliyenisifu alinichoma. Nilimtafuta Mjomba kwa macho, nikamwona amesimama mbali na watu, amefungua shati mikononi, ameinamisha uso kwenye viganja vyake vilivyochunika. Alikuwa anavinusa.

Watu walipoanza kushuka kwenda kuitazama injini, aliniita kwenye mti. Nilidhani nitapigwa, nikaenda nikiwa tayari.

"Ni ya Bibi?" akauliza.

"Ndiyo, Mjomba."

"Alikutuma?"

"Hapana. Mti ulikuwa unatoka damu."

Aliutazama mti. Kisha akaketi chini, akaanza kucheka, na akicheka machozi yalimtoka, na sikujua yalikuwa ya kicheko au ya mikono. Aliponyamaza akanishika kidole changu, akakipitisha kwenye gome ambalo sikulipaka, lile kavu, lenye magamba, kisha kwenye lile nililolipaka. Akaniuliza tofauti. Nikasema hili linakwaruza, hili halikwaruzi. Akasema basi, umemaliza shule. Mti hauna nguvu za kushika injini, wala yeye hana. Kinachoshika ni huo mkwaruzo. Mzigo unapita kwenye gome kama mgeni anayepita nyumba hadi nyumba na sinia, kila nyumba inamega tonge, na ukizungusha mara tatu nyumba ni nyingi, yanayofika mkononi mwako ni makombo. Ukipaka mafuta, umewafumba wote mikono, na sinia linakuja zima. Nikauliza, na damu? Akasema ile ni utomvu, na unanata. Mti wenyewe ulikuwa unamsaidia.

Kisha alinipa kazi. Nichukue mchanga na majivu, niusugue mti hadi usinukie kitu. Nilisugua hadi mabega yakafa ganzi, nikijua hiyo ndiyo adhabu yangu, na nikiiona ndogo. Nilipokuwa nasugua nilimwona akitoa kisu kwa ile mikono, akakata kile kipande cha kamba kilichokuwa na mafuta, akakiviringa ndani ya shati la kaki. Nikadhani anajiwekea kumbukumbu ya ushujaa wetu. Hata nilifurahi.

Asubuhi Bwana Mabomba akaikuta kamba imekatwa. Akamuuliza Mjomba kwa nini, kupitia karani wake. Mjomba akasema ilikuwa imechakaa. Bwana Mabomba akaokota ncha mbili, akazitazama, akasema haikuchakaa. Akauliza tena kilichofanya iteleze, maana mti ulikuwa uleule na mizunguko ileile. Mjomba akasema hajui. Walikuwepo watu wengi pale, na baadhi yao walikuwa wameshaanza kunong'onezana kuhusu unga ule na mwenye unga. Bwana Mabomba akasema, bila hasira, kwamba mtu asiyeweza kutunza kamba wala kuieleza hawezi kupewa injini. Kazi ile akapewa kijana kutoka Masasi. Nilimuuliza Mjomba kama ameumia. Akanionyesha mikono iliyofungwa majani, akasema hii tu, na kwamba mikorosho yake ni bora kwa sababu haingurumi. Nikamwamini. Nilikuwa mtoto, na nilipenda kuamini hivyo.

Ilinichukua muda mrefu kuunganisha. Nilikuwa mama mwenye watoto nilipokumbuka, siku moja tu napika, kwamba mafuta yale yalikuwa na mzizi ambao mtu mmoja pekee kijijini aliutia. Pua yoyote iliyoisogelea kamba ile ingetaja jina. Mwanamke mzee, mjane, aliyeweka unga mtini, na siku chache baadaye mti ukateleza na nusura uue watu. Wenzangu wa rika langu mnajua yaliyokuwa yakiwapata vikongwe kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Hata mimi ningesema ukweli, nani angeamini kwamba mtoto aliuonea mti huruma? Ule mchanga na majivu havikuwa adhabu. Na Bibi, aliyekuta kibuyu chake kikavu, alisema panya wa mwaka ule walikuwa na ngozi laini, akapika mengine.

Maji yalipanda. Wazee walikwenda kuyatazama yakitoka kwenye bomba juu ya uwanda, wakayaonja, wakakubali kwamba akili ya maji imechanganyikiwa. Bibi hakuhama. Siku ya kwanza alijaza kata, akakaa uani mbele ya watu wote, akajimwagia miguu yote miwili, taratibu, mpaka tone la mwisho, akaitazama ardhi ikinywa. "Mke mwenzangu," akaniambia, "leo na mimi nimeolewa na bahari." Alizikwa miaka mingi baadaye nyuma ya mihogo, pembeni ya Babu. Mjomba alilima korosho hadi mwisho, na kila aliponipa mkono, baada ya shikamoo na marahaba, niliusikia ule mstari mgumu uliokata kiganja chake. Hatukuizungumza tena siku ile. Nilikuwa nikingoja nafasi nzuri ya kumwomba radhi, na kulikuwa na nafasi nyingi nzuri.

Jana nilikitoa kile kipande nikakizungusha kwenye nguzo ya baraza, mara tatu. Mjukuu wangu wa kike alikuwa karibu, ana miaka ileile niliyokuwa nayo, na maswali yaleyale. Nikampa ncha moja, nikashika ya pili. Nilitaka kujua tu. Nilitegemea iteleze. Lakini mafuta ya Bibi yalikuwa yamekauka humo ndani ya nyuzi miaka yote hiyo, yamekuwa meusi na yananata, na kamba iling'ang'ania nguzo. Mtoto akavuta kwa mikono miwili, akaegemea nyuma, akaning'inia mzimamzima, na mkononi mwangu hakikufika kitu. Akachoka. Akaniomba niachie, na yeye ashike upande wangu.

Nikamwambia angoje kidogo, maana niliambiwa nisiwape.